Ulimi wa Bwana Kipriani

Mwaka 1950 mji wa Nachingwea ulikuwa na kila kitu isipokuwa karanga. Kulikuwa na matrekta yaliyopangwa safu, barabara zilizochorwa kwa rula, kiwanja cha ndege, reli mpya, na mesi ambamo Wazungu wa mradi wa karanga walikula nyama ya kopo huku wakisifu mavuno ya mwaka ujao. Mwaka ujao ulikuwa umeshasifiwa mara tatu. Watu wengi kiasi hicho wakikaa mahali pamoja wakingojea kitu kisichokuja, mjanja hana budi kutokea, na aliyetokea alikuwa Awadhi bin Saadi wa Mikindani.

Awadhi alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano, shati safi, na sauti ya kumlaza mtoto wa jirani. Kilwa aliwahi kuuza mafuta ya simba aliyoyakamua kwenye nazi. Lindi aliuza vibali vya kuvulia samaki vyenye muhuri mzuri, na muhuri wenyewe aliuchonga kwenye kiazi. Lakini sasa alikuwa amechoka kukimbia. Miaka sita nyuma aliondoka Mikindani kwa kupitia dirishani, akamwachia mchumba wake Mwanamvua ahadi ya nyumba ya bati. Mwanamvua alingoja, Mungu amlipe. Barua yake ya mwisho ilisema kwa ufupi kwamba Iddi ya kuchinja ikipita bila Awadhi kuonekana, yeye ataolewa na fundi cherehani. Basi Awadhi alitaka mambo mawili tu duniani: mtaji wa bati, na kufika kwao kabla ya Iddi. Iddi ilikuwa imebakiza siku kumi.

Alikuwa amekaa kwenye mgahawa wa Bi Sabaha, karibu na soko, akinywa chai ya mkopo, alipoingia Selestini, mpishi wa mesi ya Wazungu, mtu wa Ndanda, na kofia yake nyeupe mkononi.

"Bwana mkubwa leo kanitupia kikombe," alisema Selestini akijitupa kwenye benchi. "Anasema kahawa ya kopo ni maji ya kuoshea mbwa. Anataka kahawa ya kuoshwa."

"Kwani ipo kahawa ya uchafu?" aliuliza Bi Sabaha.

"Hujui, mama. Nyingine wanaianika na maganda yake, basi. Hii matunda yanachumwa yakiwa mekundu, yanamenywa siku ileile, yanalowekwa mpaka ute uachie, ndipo yanaoshwa kwa maji yanayotembea na kuanikwa juu ya majamvi. Kazi yake si ya mvivu. Yuko mjane mmoja kule milimani nyuma ya Nandagala, anaitwa Bi Biasha. Yeye na wenzake wana mibuni. Alikuja getini na kijifuko kichwani, askari akamfukuza kama kuku, kahawa ikamwagika. Kidogo nilichookota nikampikia bwana mkubwa. Alikunywa akafumba macho! Tangu siku hiyo kila asubuhi, Selestini, iko wapi ile?"

"Si umwite huyo mama?"

"Bwana mkubwa hanunui kwa kijifuko. Anataka lori, anataka magunia, na anataka mtaalamu wa kumwambia kwamba anachokipenda ni kizuri."

Chai ya Awadhi ilipoa mkononi. Zamani, katika kukimbia kwake, aliwahi kufagia kwa miezi mitatu katika nyumba moja ya kuonjea kahawa kule Moshi, mpaka alipofukuzwa kwa kumaliza sukari. Pale aliwaona waonjaji wakipita mbele ya vikombe, wakifyonza kahawa kwa kijiko kwa mlio wa bomba lililoziba, wakiisukuma huku na huku mdomoni, kisha wakiitema kwenye debe na kutoa hukumu. Aliona pia kwamba baada ya hukumu hakuna aliyebisha, hata mwenye shamba. Kazi ya mtu kutema mate mbele ya wakubwa na kulipwa kwa heshima! Awadhi alishangaa kwamba hakuwa ameikumbuka mapema.

Kwa Mzee Mbaruku alikwenda kesho yake asubuhi. Mbaruku alikuwa Mmwera mwenye duka kubwa kuliko yote upande ule wa soko, na lori lililonunuliwa kwenye mabaki ya vita. Alikuwa mcha Mungu mashuhuri: aliswali mara tano kwa siku na kupunja mara sita. Mtu wa namna hiyo, kwa Awadhi, alikuwa ndugu wa damu.

"Naitwa Kipriani Komba," alisema Awadhi, amevaa koti jeusi, kofia ya pama na saa ya mkononi isiyotembea. "Mwonjaji wa kahawa. Natoka Songea. Baba Mngoni, mama Mmatengo."

Hapo tumsifu kidogo, maana uongo wake ulikuwa umepimwa. Kahawa ya sifa ilitoka Umatengo, lakini Nachingwea nzima hapakuwa na watu watatu waliomjua Mmatengo. Mngoni kila mtu alimjua. Babu za Wangoni, ambao wazee wa huku waliwaita Magwangwara, walipita na mikuki wakala kuku, mbuzi na mihogo ya watu, na mpaka leo mtoto wa Kimwera akikataa kulala anatajiwa jina lao. Awadhi alitaka kuheshimiwa kwa kahawa na kuogopwa kidogo kwa mikuki.

"Mngoni?" Mbaruku aliinua macho kutoka kwenye mizani. "Mngoni kweli kweli?"

"Kweli kweli, mzee wangu."

"Karibu," alisema Mbaruku, na uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo Awadhi aliichukulia kuwa tamaa. "Karibu sana. Karibu mno."

Awadhi aliomba vikombe vitatu. Alivijaza kahawa ya birika moja, ya dukani, akavipita kimoja kimoja akifyonza na kutema kwenye debe la mafuta ya taa. Cha kwanza alisema kimeoteshwa mteremko unaotazama mashariki. Cha pili kilinyimwa kivuli. Kwenye cha tatu alivua kofia, akasema, "Mwenye shamba hili amefiwa karibuni."

"Lahaula!" alisema Mbaruku. Akaonja na yeye. "Hata mimi nimeona kitu kama msiba."

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Mbaruku angetoa lori, dereva wake Yunusi, majora ya kaniki na doti za khanga za kubadilishana na wakulima. Bwana Kipriani angetoa ulimi. Kahawa ingeletwa dukani, na Mbaruku peke yake angewauzia Wazungu kwa bei ya kuwaliza. Walipeana mikono na kila mmoja akahesabu vidole vyake.

Mpango wenyewe wa Awadhi ulikuwa mfupi zaidi. Angeteremka na magunia siku ya Ijumaa, saa ambayo Mbaruku yuko msikitini akimwomba Mungu amzidishie. Angemwambia Yunusi apitilize mpaka stesheni, magunia yapande treni ya kwenda Mkwaya, na kutoka Mkwaya hadi Lindi ni pua na mdomo. Lindi kulikuwa na wanunuzi wasiouliza maswali. Kabla ya Iddi angekuwa Mikindani, anapiga hodi mlango wa mbele.

Alhamisi lori lilipanda milima likilia kama ng'ombe mgonjwa. Juu kabisa, penye ubaridi na kijito, walikuwapo Wamwera wenye mibuni, nyumba kumi na mbili, wamekusanyika uwanjani kwa jumbe wao, Mzee Halfani. Magunia yao kumi na sita yalisimama ukutani. Awadhi alishuka, akavua kofia, akainama mpaka kiuno.

"Shikamooni, wazee wangu. Samahanini kwa kuwasumbua. Naitwa Kipriani Komba, mtoto wenu, Mngoni wa Songea."

Bibi mmoja alijifunika mdomo kwa khanga. Jumbe Halfani, mzee mwembamba mwenye ndevu tatu au nne, alimsogelea na kumtazama kuanzia viatuni.

"Umesema Mngoni?"

"Ndiyo, mzee."

"Baba yako Mngoni?"

"Na babu, na baba yake babu. Naapa."

"Wote mmesikia?" Jumbe aliwauliza watu wake.

"Tumesikia," walisema wote kwa pamoja, na mabega ya wengine yalikuwa yanatikisika. Awadhi aliona kwamba mikuki ya babu bado inafanya kazi.

Bi Biasha ndiye aliyepika. Alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye sauti ya chini na mikono iliyokuwa na makovu mekundu kwenye vidole. Alikaanga, akatwanga, akachemsha maji, akapanga vikombe kumi na viwili juu ya mkeka, kimoja cha kila nyumba.

"Vidole hivi, baba, usivishangae," alisema alipoona Awadhi anavitazama. "Tunamenya kwa mkono na jiwe, kutwa. Lindi dukani ipo mashine ya kumenyea, unazungusha mpini tu. Tukiuza vizuri mwaka huu tutaifuata."

"Tutaona ulimi utasemaje, mama," alisema Awadhi kwa huruma ya daktari.

Ulimi ulisema mabaya. Kikombe cha kwanza kilikuwa na moshi. Cha pili kililala na mbuzi. Cha tatu kilioshwa na mtu mwenye wivu. Kila alipotema, mwenye kikombe aliinamisha kichwa. Alipofika cha kumi, cha Bi Biasha mwenyewe, alifyonza, na kwa kitambo akasahau yuko wapi. Ilikuwa safi, tamu kwa mbali, ikaacha mdomoni harufu ya maua. Moshi nzima, miezi mitatu ya kuiba mabaki ya vikombe, hakuwahi kuonja kahawa kama ile. Aliona aibu ndogo, ya ghafla, na hakujua aiweke wapi. Akatema kwa uchungu wa kweli.

"Hii, mama," alisema, "ina ladha ya viazi vilivyooza."

"Sisi wenyewe tunaiona nzuri," alisema Jumbe.

Awadhi alikuwa analingojea neno hilo. "Mnaionja kwa vijiko vya ugali, wazee wangu. Jaribuni kwa kijiko cha kitaalamu." Akatoa kwenye mfuko wa ndani kijiko cha pili, king'aavu, ambacho usiku uliopita alikipaka shubiri na kukikausha vizuri. Jumbe alichovya, akaonja, uso ukamkunjamana. Wa pili akakohoa. Wa tatu akasema astaghafirullah. Kijiko kilipita mkono kwa mkono mpaka kwa Bi Biasha, wakati Awadhi amegeuka kumwagiza Yunusi ashushe khanga. Alipogeuka tena, mama alikuwa anakitazama kijiko kwa utulivu.

"Kweli chungu," alisema Bi Biasha. "Ulimi wako unajua, baba."

"Basi kwa kuwa nyinyi ni watu wema, nitawasaidia. Khanga doti moja kwa gunia, nami nikautupe huko mbali uchungu huu."

Alikuwa amejiandaa na hotuba ya robo saa kuhusu bei za Ulaya. Hakuna aliyeitaka. Watu walitazamana, Jumbe akaitikia kwa kichwa, na biashara ikaisha kabla kahawa haijapoa. Hotuba ikambakia Awadhi kooni. Hata hivyo alilala vizuri, na ndotoni alihesabu bati.

Ijumaa asubuhi magunia yote kumi na sita yalipakiwa, khanga zikagawiwa, na Awadhi alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya lori.

"Biashara imekwisha," alisema Jumbe Halfani. "Sasa tuanze ya kwetu."

"Ya kwetu ipi, mzee wangu?"

Jumbe alimsogelea. Aliinua mkono, akaichukua kofia ya pama kichwani mwa Awadhi, akaivaa. "Babu yako alikula kuku wa babu yangu bila kuuliza," alisema. "Leo mimi nimekamata kofia. Asante, mtani."

Vigelegele vikapasuka uwanja mzima. Awadhi alicheka pia, kwa adabu, maana utani aliwahi kuusikia: watu wa kabila hili na kabila lile, waliopigana zamani, sasa wanachekana misibani. Alidhani ni maneno. Hakuwahi kukaa mahali ambapo mtani anaruhusiwa kuingia kwako, kuchukua kilichompendeza na kuondoka, na wewe kazi yako ni kucheka. Mama mmoja akamvua saa. Mzee mwingine akachukua koti akisema babu yake alibaki na baridi tangu siku Magwangwara walipochoma nyumba. Yunusi dereva, Mmwera wa Naipingo aliyekuwa hajatamka neno tangu Nachingwea, alishuka taratibu, akapiga magoti, na kumvua viatu.

"Hata wewe, Yunusi?"

"Namba yangu tisa, mtani. Na hivi ni tisa."

Bi Biasha alikuwa amepanda juu ya lori na kukaa juu ya magunia. "Na haya nimeyakamata mimi," alisema. "Mbuzi wa bibi yangu walikuwa wengi kuliko haya. Khanga nazo zimekamatwa, zilikuja kwa mkono wa Mngoni."

"Ngojeni!" Awadhi aliruka, miguu mitupu. "Hayo magunia nimeyanunua! Utani una mipaka!"

"Unayo," alisema Jumbe. "Mtani akikasirika analipa mbuzi. Umekasirika?"

Awadhi alifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu na rahisi: mimi si Mngoni. Bi Biasha aliinama kutoka juu ya lori mpaka uso wake ukawa karibu na sikio lake, na mkononi alikuwa na kijiko king'aavu.

"Liseme," alimnong'oneza. "Sema wewe si Mngoni. Jumbe ana tarishi, na tarishi ana pingu. Halafu nitampa hiki akilambe kikavu, kama nilivyokilamba mimi jana kabla sijakichovya. Kahawa yangu haina shubiri, baba. Kijiko chako ndicho kinayo. Basi chagua mwenyewe, uwe mtani au uwe mwizi."

Awadhi alitazama barabara. Barabara ilikuwa ndefu, na yeye hakuwa na viatu.

"Mtani," alisema.

"Jumbe hajasikia."

"Mimi ni mtani wenu!" alipiga kelele Awadhi bin Saadi, na vigelegele vikajibu mpaka ng'ambo ya kijito.

"Basi panda," alisema Bi Biasha. "Ulimi wako nao tumeukamata. Tunakwenda mesi."

Walifika Nachingwea, Jumbe amekaa mbele na Yunusi, wakati adhana ya Ijumaa ikilia, na Mbaruku yuko msikitini kama ilivyopangwa. Askari wa geti, yuleyule aliyemfukuza Bi Biasha, aliona lori, akaona magunia, akaona mtu mwenye uso wa mtaalamu, akapiga saluti. Selestini alichemsha maji akiimba. Bwana mkubwa alitoka na watu wake wanne, na Awadhi, amevaa shati na suruali tu, alisimama mbele ya vikombe na kijiko cha mesi, Bi Biasha ubavuni.

Alifyonza. Safari hii hakuwa na haja ya kubuni. Alisema ilichumwa nyekundu yote, ilimenywa siku ileile, maji yalikuwa baridi na yanatembea, na mikono iliyoiosha haikuwa na haraka. Alisema hajapata kuonja nzuri kuliko hii, na kwa vile ilikuwa kweli sauti yake iligoma kidogo katikati. Ni jambo la kusikitisha mtu kufikisha miaka thelathini na mitano ndipo aseme kweli mara ya kwanza, halafu faida iende kwa wengine.

Bwana mkubwa alifumba macho, akanunua magunia yote, akaandikisha na ya msimu ujao. Kisha akauliza kitu huku akitazama chini.

"Anauliza mbona mtaalamu hana viatu," alitafsiri Selestini, na bila kungoja akajibu mwenyewe kwa Kiingereza cha jikoni. Baadaye aliwaeleza wenzake alichosema: waonjaji wakubwa wote ndivyo walivyo, miguu ikibanwa ulimi hausikii. Bwana mkubwa aliitikia kwa heshima.

Wamwera hawakuwa watu wabaya. Jioni ile Jumbe alimpa Awadhi nauli ya kurudia kwao, maana, alisema, mtani huvuliwa lakini haachwi njiani. Awadhi alilala kwenye benchi la Bi Sabaha bila kufumba macho. Bati hakuna. Mtaji hakuna. Lakini Jumamosi kulikuwa na treni, na treni ile ingemfikisha kabla ya Iddi. Mwanamvua alikuwa amengoja miaka sita. Huenda angemkubali hivyohivyo, na miguu yake mitupu, akipiga magoti na kusema kweli, maana mchana ule alishajifunza inavyosemwa.

Kulipokucha alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la tiketi. Alisimama kwenye sakafu ya stesheni akiishika tiketi kwa mikono miwili, watu wakijaa nyuma yake, alipomwona Bi Biasha anakuja na furushi kichwani. Jumbe Halfani alifuata, na kofia ya pama ilimfika puani.

"Tumekuja kuagana, mtani," alisema Bi Biasha.

"Mama," alisema Awadhi kwa sauti ya chini, "kijiko ulikilamba, hilo nimeelewa. Lakini niambie neno moja nisafiri nalo. Mbona watu walianza kucheka tangu nashuka kwenye lori, kijiko hata sijakitoa?"

Bi Biasha alilitua furushi. "Mngoni akifika kwetu hasalimii, baba. Anatukana kwanza. Anamuuliza Jumbe, wewe mzee mchafu mpaka leo hujafa? Anaingia jikoni, anafunua chungu, anasema chakula cha Wamwera kinanuka. Tunamtukana, anatutukana, ndipo tunakumbatiana. Wewe ulivua kofia ukainama, shikamooni wazee wangu, samahanini kwa kuwasumbua." Alitikisa kichwa. "Mngoni mwenye adabu! Tangu nizaliwe sijapata kumwona."

Kumbe ilikuwa adabu. Udanganyifu wote aliufanya bila kosa, na kilichomwangusha ni kitu pekee kizuri alichofundishwa na mama yake. Kilichokuwa kimekaa kifuani mwa Awadhi tangu jana kikapanda.

"Jambazi mkubwa wewe!" alipasuka mbele ya stesheni nzima. "Bibi kizee usiye na haya! Umenivua mpaka viatu mchana kweupe, wewe na huyu mzee wako mwenye ndevu za mbuzi! Mungu awape mashine iwamenye nyinyi wenyewe!"

Stesheni iligeuka kumtazama. Halafu watu wakapiga makofi. "Sasa!" walipaza sauti. "Sasa ndiyo Mngoni!"

"Taratibu," alisema Jumbe, akiisukuma kofia juu ili aone. "Ametukana vizuri, simnyimi haki yake. Lakini ametukana kwa utani, au kwa hasira? Kama ni hasira, mbuzi. Na mbuzi hana, ana hiyo tiketi."

Macho yote yakatua kwenye uso wa Awadhi. Treni ilipiga filimbi.

"Ni utani," alisema Awadhi haraka. "Utani mtupu, wazee."

"Basi cheka," alisema Jumbe.

Awadhi alicheka.

"Haya ndiyo mambo," alisema Bi Biasha, naye akicheka kwa moyo wote, na katika kucheka kule akaichomoa tiketi mikononi mwake kama mtu anayemwondolea mwenziwe uzi begani. "Asante, mtani. Nakwenda Lindi kuifuata mashine. Pesa ninazo, lakini zote zina kazi yake, na foleni ile pale ni ndefu mno."

Awadhi alitazama mkono wake mtupu. Treni nyingine ilikuwa baada ya siku saba, na Iddi ilikuwa baada ya siku sita. Jumbe alimkazia macho kutoka chini ya kofia. Bi Biasha aliinua furushi lake, akapanda behewa, akakaa dirishani, akapunga.

Awadhi akaendelea kucheka. Alicheka mabehewa yalipoanza kusogea, akacheka la mwisho lilipopita, akacheka mpaka machozi yakamtiririka hadi kwenye kola ya shati, na watu wa Nachingwea wakaambiana kwamba hawajapata kuona mtani mwenye moyo safi kama yule.

Mkono mzito ukamgusa begani. Alikuwa Mzee Mbaruku, tasbihi kidoleni, ametoka kusikia kwa Yunusi habari za lori lake, khanga zake na mesi ya Wazungu.

"Bwana Kipriani," alisema Mbaruku kwa upole, "nadhani sikukwambia kwamba na mimi ni Mmwera."

Awadhi alijitazama kuanzia juu mpaka chini. Kisha, huku akicheka, akaanza kufungua vifungo vya shati.